Kwako binamu, uliyeniambia nijifunze kwa Jerry Sohl

Binamu,

Nasikia umepona, alhamdulillahi. Simu zangu hupokei, basi nakuandikia hapa, wasome na wasiohusika.

Ile hoja yako imenikaa kooni, kwamba Jerry Sohl, mwandishi wa Marekani, aliandika kazi ikatoka kwa jina la mwenzake naye akanyamaza, basi nami ninyamaze. Usisahau kwamba habari za wale waandishi wenzake wa Los Angeles nilikupa mimi: Charles Beaumont, Richard Matheson, William F. Nolan, George Clayton Johnson, na Ray Bradbury, kaka yao mkubwa. Watu wa hadithi za kutisha na sayari ngeni, wakikesha kwa gumzo, huyu akimkosoa yule. Rod Serling alipoanzisha The Twilight Zone, mfululizo wa hadithi za ajabu kwenye televisheni ya CBS ya Marekani, mwaka 1959, vipindi 92 kati ya 156 aliviandika mwenyewe. Mzigo uliobaki walimpokea hasa Beaumont na Matheson. Sisi tulitaka kuwa wao, pale barazani kwa bibi, umeme ukikatika.

Ni kweli, Sohl ndiye aliyeandika "Living Doll", kile cha mwanasesere anayemtishia baba wa nyumba, kikarushwa mwaka 1963 kwa jina la Beaumont. Ni kweli wakati ule hakupiga kelele. Lakini habari umeichukua nusu. Beaumont alikuwa anapotewa na akili, kijana wa miaka thelathini na kitu, anazeeka watu wakimwona, ana mke na watoto wanne. Alifariki mwaka 1967, miaka 38 tu. Wenzake walimwandikia ili kazi isimponyoke, na malipo wakagawana. Sohl alijua anachokubali kabla hajagusa taipureta. Mimi uliniambia nini? "Malizia tu, tutaongea."

Wewe ulikuwa na dengue, nami nikakumalizia hadithi ya kipindi chako. Pole, na madafu nilikuletea mwenyewe. Lakini usiku kiliporushwa kipindi ulikuwa mzima, umekaa sebuleni kwa shangazi na shati jipya. Jini wangu wa mwembeni akatokea, yule anayebisha hodi kuomba chumvi, shangazi akajifunika khanga usoni. Halafu majina yakapita. Mwandishi: wewe, peke yako. Shangazi akakupigia kigelegele. Nawe ukanisogezea bakuli la bisi. Bisi, binamu! Hata kunitazama hukunitazama.

Nakushauri kama kaka: mtu akikushikia kazi, mtaje siku hiyohiyo, hata kwa mdomo, hata mbele ya shangazi tu. Nisingedai zaidi ya hapo. Na hayo unayoeneza kwamba nimekuchongea kwa mtayarishaji, sikukuchongea. Aliniuliza kwa nini jini anaomba chumvi, nikamweleza. Akauliza nimejuaje, nikamweleza pia. Ulitaka nimdanganye mtu aliyeniuliza kwa adabu? Nami nina ada za watoto, unajua vizuri kuliko wote.

Ile sehemu ya mlinzi, uliyoiandika kabla homa haijakuangusha, inashinda kila kitu nilichowahi kuandika. Niliikumbuka juzi kwenye daladala nikacheka peke yangu, konda akanitazama kama mgonjwa. Ndiyo maana inaniuma. Mtu asiyejua kuandika ningemwelewa.

Naambiwa mna msimu wa pili. Mlinzi ni wako, mfanye utakavyo. Jini msimguse kabla hatujakaa, na safari hii tukae mbele ya shangazi.