Barua ya wazi kwa Waziri wa Nyumba: ruzuku ya pampu za joto imetusahau watu wa fleti

Mheshimiwa Waziri,

Heshima yako kwanza. Nimejaribu kujaza fomu ya ruzuku ya pampu za joto mara mbili na mara zote nimekwama palepale, inauliza mashine nitaiweka ukuta gani na uwanja wangu una ukubwa gani. Mimi niko ghorofa ya 3, uwanja naupata wapi? Ukuta wenyewe ni wa watu 24.

Pampu zenyewe sizipingi, nisieleweke vibaya. Ni friji iliyogeuzwa tu, inachota joto nje hata kukiwa na baridi inalisukuma ndani, na kwa uniti 1 ya umeme ikifungwa vizuri unapata kama uniti 3 za joto, wakati boila ya gesi hata iwe mpya vipi haiwezi kukupa joto zaidi ya lililomo kwenye gesi uliyochoma. Na wanaosema eti haijajaribiwa kwenye majengo makubwa waambie watulie, jengo la baraza la jiji la Zurich, Uswisi, lilifungiwa pampu ya joto mwaka 1938, ikichota joto kwenye maji ya mto Limmat.

Ila hizo uniti 3 haziji zenyewe. Ukiilazimisha pampu ipeleke maji ya digrii 75 kwenye rejeta, yale mabati ya ukutani yanayopasha vyumba joto, kama tulivyozoea na boila yetu ya jengo zima, itakula umeme mpaka mkome, ikipeleka 50 au 55 inatulia. Sasa jengo la zamani litapata joto kwa 55? Sisi tulijaribu. Msimu wa baridi uliopita tukamwomba fundi wa boila ashushe kidogo kidogo, 75, 65, mpaka 55, na siku ya tatu simu zikaanza, mama mmoja wa juu kabisa ana mtoto mchanga anasema rejeta yake haina tofauti na ukuta, na muda huohuo jamaa wa ghorofa ya kwanza kafungua madirisha maana anaiva humo ndani. Fundi akashika bomba la kurudishia maji kwa jamaa, akatoa mkono haraka. Akapanda kwa yule mama akashika la kwake, baridi. Akacheka, akasema boila haina kosa hapa, maji yanafuata njia fupi yanarudi, huku juu yanafika mabaki.

Akashinda siku nzima na spana, mlango kwa mlango, anabana valvu za chini ili za juu zipate. Jioni ile digrii 55 zikatosha nyumba zote kasoro moja ya kona, na ile inataka rejeta kubwa zaidi basi.

Mheshimiwa, siku ile moja ya spana ndo kitu ambacho ruzuku yako hailipii. Inalipia mashine, tena kwa mlango mmoja mmoja, kwahiyo wenye uwezo watafunga za kwao kwenye vibaraza, mafeni yatanguruma usiku kucha dirishani kwa jirani, waya mkuu wa jengo utazidiwa, na sisi tuliobaki tutagawana boila kuukuu na bili yake. Wapangaji ndo usiseme, anayenunua mashine ni mwenye nyumba, siye anayelipa umeme, sasa atahangaika na mashine nzuri ya nini?

Ninachoomba, jengo lenyewe liruhusiwe kuomba kama mwombaji mmoja, na hela ya kwanza iende kwenye kupima kila chumba kinapoteza joto kiasi gani na kusawazisha maji, mashine ije baadaye. Ukianza na mashine watakuuzia kubwa kuliko mahitaji, kompresa, yaani moyo wa mashine, itakuwa inawaka inazima inawaka inazima na haitadumu. Na maji ya kuoga yahesabiwe peke yake, maana tanki linatakiwa likae digrii 60 ili bakteria wa legionella, wanaoleta ugonjwa wa mapafu, wasizaliane, haina maana pampu nzima ya jengo ipandishwe huko kutwa kisa bafu.

Kama watu wa ofisi yako wanataka vipimo vyetu, ninavyo. Fundi aliviandika kwa penseli nyuma ya risiti, ghorofa kwa ghorofa, bomba la kwenda na la kurudi. Mwandiko wake ni balaa lakini namba zinasomeka, niambieni tu niwatumie wapi.

Mkazi wa ghorofa ya 3