Malalamiko kuhusu maji safi na maji machafu ya gari-nyumba mlilonikodisha

Lubumbashi, Septemba 2025

Kwa Bwana Mkurugenzi,
Kampuni ya kukodisha magari ya safari,
Lubumbashi

KUH: Garanti mliyoikata, na hali ya maji katika gari-nyumba

Bwana Mkurugenzi,

Salamu kwako na kwa wafanyakazi wako. Nimepokea fakture yenu ya mwisho na siikubali. Mmekata dola 150 kwenye garanti yangu, yaani amana niliyowawekea, kwa ajili ya "kuondoa harufu", na dola 90 nyingine kwa pampu ya maji mnayosema tuliiunguza. Fedha hizo nazidai zote. Lakini ingekuwa ni fedha tu, ningekuja ofisini tukazungumza, yakaisha. Naandika kwa sababu gari hilo litatoka tena na familia nyingine, na likitoka kama lilivyotoka na sisi, litaumiza watu, waliomo ndani na wanaoishi kando ya barabara.

Safari mnaijua: Lubumbashi, Kasumbalesa, Kitwe, Lusaka, hadi Livingstone kwenye maporomoko, kisha kurudi. Tulikuwa mimi, mke wangu, watoto wetu na mama mkwe wangu. Kwenye karatasi ya kukabidhiana gari, kijana wenu aliweka alama mbele ya maneno "tenki la maji safi limejaa, maji ya kunywa". Nilimwuliza maji yametoka wapi, akanijibu ni ya robine ya hapa uani. Yaliwekwa lini, hakusema.

Jioni ile ile mke wangu alifungua robine ya jikoni ateleke chai, na harufu ya kinamasi ikaenea gari zima. Nikainua kiti cha nyuma, nikafungua kifuniko cha tenki, nikaingiza mkono. Ukuta wa plastiki ulikuwa unateleza. Nilipoutoa mkono, vidole vilikuwa na utando wa kijani, na kwenye kucha mchanga mwekundu, ule wa kwetu Katanga, uliokuwa umetulia chini ya tenki. Mlinzi wenu mwenyewe aliniambia baadaye kwamba gari lilikuwa limesimama uani tangu wakati wa mvua. Maji nayo yalikuwa yamesimama ndani yake muda wote huo.

Maji yakikaa kwenye tenki lenye joto, klorini iliyomo huisha, na vijidudu hujijengea utando ukutani. Ukiyamwaga ukajaza mengine, utando unabaki na kuchafua hayo mapya. Dawa yake si siri. Kwa tenki la lita 100 unatia mililita 100 za javeli, ile dawa ya klorini, ya asilimia 5 isiyo na manukato, unajaza maji, unafungua kila robine mpaka harufu ya javeli itoke, ya bafu na ya maji ya moto vilevile, unaacha kwa saa kadhaa, unamwaga, kisha unasuuza mpaka harufu iishe. Javeli inauzwa hata kwenye vibanda vya komini zetu za Kenya na Katuba hapa mjini. Kazi hiyo niliifanya mwenyewe tulipofika Kitwe, kwa javeli niliyonunua mwenyewe, watoto wakiwa wamekaa nje. Kabla ya hapo mdogo wetu alikuwa ameshaumwa tumbo tukampeleka kliniki. Daktari hakupima maji ya tenki, kwa hiyo siandiki hapa kwamba ni maji yenu yaliyomwuguza. Naandika kwamba mtoto hakupaswa kupewa maji hayo kabisa.

Sasa tuje kwenye karatasi yenu ya maelekezo. Imeandikwa kwa Kifaransa tu, na inasema kwamba mteja akikosa robine, ajaze tenki mtoni kisha achemshe. Bwana Mkurugenzi, sisi ni watu wa migodi. Tunajua mito yetu inapita wapi na inabeba nini. Njia ile inapita Chingola, Chambishi na Kitwe, na Februari 2025 bwawa la mabaki ya mgodi wa shaba lilibomoka karibu na Chambishi, maji yenye tindikali yakaingia kijito cha Mwambashi na kuteremka hadi Mto Kafue. Samaki walikufa, na Kitwe ikakatiwa maji ya mabomba. Mbele zaidi kuna Kabwe, ambako mgodi ulifungwa mwaka 1994 na madini yake ya risasi yangali kwenye udongo mpaka leo. Kuchemsha maji kunaua vijidudu, ni kweli. Shaba, kobalti, risasi na tindikali hazichemki zikaondoka. Mvuke ukitoka, maji yanapungua na madini yaliyobaki sufuriani yanakolea. Javeli pia haiyagusi. Mtu aliyeandika maelekezo yale aliyatoa kwenye kitabu cha nchi nyingine, akayapa watu wanaosafiri katikati ya migodi. Naomba sentensi hiyo ifutwe leo, hata kabla hujamaliza kusoma barua hii.

Kuhusu maji machafu. Tenki la maji safi ni la lita 110. Tenki linalopokea maji ya sahani na ya kuoga ni la lita 80. Maana yake, mteja akitumia maji yake yote bila kumwaga katikati, lita 30 hazina mahali pa kwenda. Hilo si kosa la gari, magari mengi ya aina hiyo yako hivyo, lakini mteja lazima aambiwe, na lazima awe na geji inayosema kweli. Yenu ilionyesha theluthi moja tu, asubuhi na jioni, tenki likiwa tupu au limejaa. Tulijua limejaa siku mke wangu alipoosha vyombo akaona maji yanapanda kwenye sakafu ya bafu, yenye mafuta, yenye punje za maharagwe, pale pale mama mkwe alipokuwa ameweka viatu vyake.

Na koki ya kumwagia tenki hilo haikufunga sawasawa. Raba yake imechoka. Mpaka wa Kasumbalesa unaujua, foleni ya malori haina mwisho, na akina mama wanauza vyakula katikati ya magari. Tulisimama, na maji yakaanza kudondoka chini ya gari, kidogokidogo, mpaka yakawa mfereji. Mama mmoja mwenye beseni la maandazi alinigongea kioo: "Papa, mayi ya motokari yenu iko namwangika huku kwetu!" Alikuwa na haki. Nilishuka nikaweka bidoni chini ya koki, na kuanzia hapo kila tuliposimama ilikuwa kazi ya mwanangu mkubwa kuweka bidoni na kuitoa.

Choo ndicho kilichotuumiza zaidi, na hapa naomba unisome kwa heshima ninayoiandikia. Choo cha gari hilo kina kaseti, yaani sanduku linalopokea kinyesi, ya lita 18 hivi inayovutwa kwa nje. Kaseti hutiwa dawa inayozuia harufu na kusaidia kuvunja uchafu. Hamkutupatia dawa. Hamkutupatia glavu. Raba ya mlango wa kaseti imekatika upande mmoja, picha nimeambatanisha, na harufu inapita hapo na kuingia ndani. Kwetu kuna mambo ambayo mkwe hayaoni wala hayazungumzi mbele ya mama mkwe wake. Mimi nilikuwa nabeba kaseti hiyo kwa mikono mitupu, naye yuko pale. Hakusema neno. Ila mke wangu aliona kwamba mama yake, katika jua lile la Livingstone, ameacha kunywa maji ili asihitaji choo. Mwanamke wa umri wake. Nilipoambiwa hivyo, tulichukua chumba mjini kwa usiku uliobaki ili awe na choo chenye mlango na staha. Malipo ya chumba siyadai, lakini ndiyo maana dola 150 za "harufu" zimenikasirisha. Harufu hiyo mlitupatia nyinyi, tukaishi nayo, kisha mkatuuzia.

Tena kulikuwa na mpira mmoja tu wa maji, umekunjwa ndani ya sanduku lile lile linalokaa kaseti. Mpira huo huo mnategemea tujazie maji ya kunywa na tusuuzie choo? Nilinunua mwingine na kuuweka mbali.

Nikapiga simu ofisini kwenu kuuliza kaseti inamwagwa wapi. Jibu, nalinukuu: "Fungua tu porini, papa, wote wanafanya hivyo." Tulikuwa tunakaribia Lusaka. Mwanzoni mwa 2024, katika mji huo, uwanja wa mpira wa Heroes uligeuzwa kituo cha wagonjwa wa kipindupindu, na mlipuko ule uliua watu zaidi ya 700 nchini Zambia. Sisi wa Lubumbashi nasi tunaujua ugonjwa huo. Unaenea kwa njia inayojulikana na kila mwanafunzi wa shule ya msingi: kinyesi kuingia kwenye maji na chakula cha watu. Na kampuni inamwambia mteja afungue porini, kana kwamba pori halina kijito na kijito hakina kijiji.

Sikufungua porini. Nilimwaga kwenye choo cha kambi tulikolala, baada ya kuomba ruhusa. Mzee anayetunza kambi, tuliyezungumza naye Kibemba, aliniuliza kwanza ndani mna dawa gani, kwa sababu dawa zenye formalini huua bakteria wanaofanya kazi ndani ya shimo lao la choo, shimo likajaa kabla ya wakati wake. Ni swali la mtu anayejua kazi yake. Natamani angekuwa ndiye aliyenikabidhi gari.

Pampu sitaieleza sana. Ni ya volti 12, inawaka yenyewe robine ikifunguliwa na presha ikishuka. Ikiwaka na kuzima usiku huku robine zote zimefungwa, maana yake kuna mahali maji yanavuja baada ya pampu. Nilikutumieni ujumbe na sauti yake iliyorekodiwa tukiwa bado Kasumbalesa, na ujumbe huo mliusoma. Hakuna aliyejibu. Pampu iliyofanya kazi mchana na usiku kwa sababu ya uvujaji wenu imekufa kwa uvujaji wenu.

Hata hivyo, yote hayo ningeweza kuyaita uzembe. Nililoliona siku ya kurudisha gari sijui niliite nini. Kijana wa uani alilirudisha nyuma mpaka kwenye ukuta, akafungua koki, na maji ya tenki yote yakaingia kwenye mtaro wa barabarani. Halafu akavuta kaseti, akaimimina humo humo. Nilimwuliza, akasema, "Ni mayi tu, papa." Nilitembea kufuata mtaro huo. Hauendi mbali. Unapinda nyuma ya ukuta wenu, unapita kando ya nyumba za watu, na nyumba ya pili ina kisima kifupi kisicho na mfuniko wa saruji, chenye ndoo na kamba, kama visima vingi vya mji huu tunavyovitegemea robine zikikauka. Mtoto wa kike alikuwa anachota hapo. Alinisalimia. Mvua ya Novemba ikija, mtaro huo utafurika, na utafurikia hapo.

Kwa hiyo naomba mambo haya. Mnirudishie dola 240 zote. Mchimbe au mkodishe shimo halali la kumwagia maji ya magari yenu, au mpatane na wenye gari la kunyonya vyoo, na mtaro ule usiguswe tena tangu leo, maana hilo halihitaji bajeti. Mwende kwa majirani wenye kisima, muwaambie ukweli, na mtibu kisima hicho kwa gharama yenu. Kabla gari halijatoka, tenki lisafishwe kwa javeli na tarehe iandikwe kwenye karatasi ya makabidhiano, raba za koki na kaseti zibadilishwe, geji itengenezwe. Ndani ya gari kuwe na mipira miwili ya rangi tofauti inayokaa masanduku tofauti, glavu, dawa ya kaseti isiyo na formalini, na karatasi ya Kiswahili na Kifaransa inayotaja ni wapi kwenye njia ile mteja anaweza kujaza na ni wapi anaruhusiwa kumwaga. Kambi nyingi za Zambia hukubali ukiomba vizuri. Orodha ya zile tulizopita sisi nimeiambatanisha, itumieni bure.

Mtaro na kisima nimevipiga picha. Zimo pamoja na nakala ya fakture, ujumbe wa pampu na karatasi ya makabidhiano. Kwa ajili ya fedha, nasubiri jibu la maandishi kabla ya mwisho wa mwezi. Kwa ajili ya kisima sitasubiri mwisho wa mwezi: Ijumaa nitapita kwa mama mwenye nyumba hiyo, na ikiwa hakuna mtu wenu aliyefika kwake, nitaandamana naye hadi ofisi ya afya ya komini. Ningependelea sana nikute mmeshafika.

Wako kwa heshima,

Mteja wenu wa Kampemba