Mpwa uliyemlea mpe shamba kwa maandishi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kidogo tuseme na wajomba, mashangazi na mababu wanaolea watoto wa ndugu zao huku vijijini, na vijana wenyewe waliolelewa. Kijana huchukuliwa akiwa bado mdogo, akachunga na kulima pamoja na watoto wa mjomba, na siku anapotaka kuoa huonyeshwa kipande: "Haya mwanangu, jenga hapo." Anajenga, anapanda migomba, pengine anazika mtoto hapo hapo. Inapita miaka 25, mjomba anafariki, na kabla ya arobaini watoto wa mjomba wanamwambia arudi kwao.

Wengi hudhani miaka itawatetea. Wamesikia kuwa madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12, wakahesabu wakaona wamevuka. Miaka hiyo haimsaidii aliyekaribishwa. Mahakama ya Rufani imekwishasema kwamba mwalikwa hageuki mwenye shamba kwa kukaa muda mrefu, kwa kuwa aliingia kwa ruhusa ya mwenyewe. Sasa "jenga hapo" ilikuwa zawadi au ruhusa ya kukaa tu? Aliyesema ameshazikwa, na kila upande una tafsiri yake.

Urithi nao haumfuati mpwa. Kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963 kwa makabila ya ukoo wa baba zinampeleka akarithi kwa baba yake. (Kwa Waluguru na wengine wanaohesabu ukoo kwa mama mambo ni tofauti, ingawa huko nako ugomvi haukosekani.) Kwa Waislamu, kulelewa hakumfanyi mtu mrithi, ila anaweza kuusiwa mali isiyozidi thuluthi. Kuasili, yaani kumfanya mtoto wa mwingine kuwa wako kisheria, kupo katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, lakini amri hutolewa na Mahakama Kuu, na ni kwa mtoto aliye chini ya miaka 18. Kijana mwenye ndevu na mji wake amechelewa.

Kwa maoni yetu njia iliyo salama ni zawadi ya maandishi, mjomba akiwa hai na akili timamu. Mjomba, mkewe, watoto wake wakubwa na mpwa waende shambani pamoja na majirani wa pande zote nne na wajumbe wa halmashauri ya kijiji. Wapime, hata kwa hatua. Waandike mpaka upo kwenye mimea ipi ya mpakani, minyaa ipi, masale yapi, na upande wa mashariki anapakana na nani. Karatasi inayosema "nampa mpwa wangu shamba la mtoni" haifai kitu pale mjomba alipokuwa na mashamba mawili mtoni. Kisha suala lipelekwe kwenye kikao cha halmashauri ya kijiji, lijadiliwe, na muhtasari uwe na tarehe, mahudhurio na muhuri. Mwenyekiti kugonga muhuri akiwa peke yake sebuleni kwake si idhini ya halmashauri, na hapo ndipo wengi hunasa. Kijiji chenye cheti cha ardhi ya kijiji kinaweza kuendelea hadi hati ya hakimiliki ya kimila kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, na mpwa aiombe kwa jina lake. Kisipokuwa nacho, ule muhtasari ndio utakaobeba mzigo wote.

Wapo wazee wasiopenda kugawa wakiwa hai. Hatuwalaumu, kwani aliyegawa vyote mapema hubaki akiomba chumvi. Hao waandike wosia. Kwa kanuni za mila, mzee anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, yaani asiye wa ukoo. Asiyejua anahitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wosia wa mdomo nao unahitaji wanne kwa mpango huo huo. Uandikwe kwa wino wala si kwa penseli, uwe na tarehe, mwenye wosia atie saini au dole gumba na mashahidi watie saini, wote mbele ya mwenzao kwa wakati mmoja, na mke aliyepo nyumbani naye ashuhudie. Anayepewa asiwe shahidi. Wosia wa mpwa hufa zaidi kwa sababu mbili: mashahidi wote ni marafiki wa mpwa, au karatasi ilizungushwa nyumba kwa nyumba kukusanya saini wiki nzima. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, hupokea wosia na kuutunza, na hiyo ni afadhali kuliko kuuficha chini ya godoro.

Liko na suala la jina, ambalo huanza siku ya kuandikishwa shule. Mjomba anajiandika baba ili mambo yaende haraka. Cheti cha ubatizo kina baba mzazi, cheti cha darasa la saba kina mjomba, na ofisi ya NIDA, ya vitambulisho vya taifa, inauliza mzazi ni yupi. Hati ya kiapo inaweza kueleza kuwa majina yote ni ya mtu mmoja. Ila kwenye cheti cha kuzaliwa tunasisitiza aandikwe baba mzazi, hata kama cheti kinatafutwa kwa kuchelewa, mtu akiwa na miaka 30. Ukimwandika mjomba, kijana atashindwa kujithibitisha kwenye mirathi ya babake, na kwa mjomba wote kijijini wanajua hakuzaliwa pale. Anakosa kotekote.

Ugomvi ukishazuka, aanzie baraza la ardhi la kijiji au la kata akiwa na karatasi zake. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 baraza la kata hupatanisha tu. Siku 30 zikipita bila suluhu, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko ataulizwa majirani waliotembea mpakani siku ile, kwa hiyo katika wale mashahidi wawekwe na vijana. Wazee watupu huisha kabla ya kesi.

Wasaidizi wa kisheria wa vijijini,
Tanzania Bara