Mrima si suala la bei tu

Kwa Mhariri,

Kila Mlima Mrima wa Kwale unapotajwa magazetini, hutajwa utajiri wa madini adimu uliolala ardhini na leseni ya uchimbaji iliyofutwa 2013. Wadigo wa pale wana neno lao, nalo ni zito kuliko yote hayo: ule ni msitu wa kaya, msitu mtakatifu wa mababu. Sitaki mtu achote hata koleo moja ya udongo bila ridhaa yao. Kinachoniudhi ni kwamba miaka yote hii hatuelezwi madini adimu hufanya kazi gani, ilhali kazi yake mojawapo inatuhusu sana sisi wa Mombasa. Kazi hiyo ni kupoza.

Mnamo 1917 wanafizikia Pierre Weiss na Auguste Piccard waliona nikeli ikipanda joto inapowekwa ndani ya uga wa sumaku, yaani eneo la nguvu yake, na kupoa uga unapoondolewa. Katika metali kama gadolini, mojawapo ya madini adimu, kila atomi ni kisumaku kidogo. Penye joto, visumaku hivyo hutazama kila upande. Sumaku kubwa ikisogea, hujipanga safu kama jamaa waliosikia iqama. Vurugu iliyokuwa katika mielekeo yao huhamia kwenye mtikisiko wa atomi, na metali ikapata joto. Maji yakilichukua joto hilo, kisha sumaku ikaondolewa, visumaku hutawanyika tena kwa kunyonya joto la metali yenyewe, nayo hupoa kuliko ilivyokuwa mwanzo. Kwa njia hii, 1933, William Giauque alitumia chumvi ya gadolini kushuka chini ya nyuzi moja juu ya sifuri halisi, ubaridi usioweza kupitwa. Mwaka 1976 Gerald Brown wa NASA akaonyesha kwamba hata penye joto la chumbani inawezekana. Hakuna kompresa wala gesi.

Naomba wasomaji walishike hili hasa: kila metali ya aina hii ina kiwango chake cha joto ambapo visumaku huanza kujipanga vyenyewe, na karibu na kiwango hicho ndipo upoozaji huwa na nguvu zaidi. Kwa gadolini ni nyuzi 20 hivi za Selsiasi. Hapo, sumaku ya tesla 1 (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga) huibadilisha joto kwa takribani nyuzi 3, na mzunguko ukirudiwa mara nyingi tofauti hiyo hukuzwa. Lakini siku za kaskazi hewa ya Mombasa hupita nyuzi 30, na jokofu lolote ni lazima litupe joto lake kwenye hewa hiyohiyo. Mashine ya gadolini tupu itakayosifiwa katika maabara ya Ulaya itadhoofika huku kwetu, upande uleule unaotupa joto.

Dawa ipo. Aloi, yaani mchanganyiko, ya lanthani, chuma na silikoni ikitiwa haidrojeni, kiwango chake huweza kusogezwa hadi kupita hata joto la mwili. Sehemu kubwa ya aloi hiyo ni chuma, na lanthani ni miongoni mwa madini adimu yanayopatikana kwa wingi.

Jokofu hili bado halijafika madukani kwa sababu sumaku zinazohitajika, za neodimi, nayo ni mojawapo ya madini adimu, ni ghali. Hilo halitupi ruhusa ya kukaa kimya. Mapatano ya Kigali ya 2016 yanazipunguza gesi za majokofu tuliyozoea, ambazo baadhi huipasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito uleule. Wachuuzi wa samaki wetu watapoza kwa nini?

Vyuo vikuu vya Pwani viagize vipande vichache vya aloi hizi na kuvipima katika joto letu na unyevu wetu. Kuanza kunahitaji sumaku nzuri, kipimajoto chepesi na mwanafunzi mwenye subira. Nawe, Mhariri, atakapokuja mwingine kuomba leseni ya Mrima, mwandishi wako amuulize mbele ya wazee wa kaya: madini haya yatasafishwa wapi, na nani hapa Pwani atafundishwa kuyatumia?

Mwalimu wa fizikia,
Likoni, Mombasa