Shoga yangu, tumeenda ngome ya Dover

Mama Salma mpenzi,

Assalaam aleikum. Natumai hujambo na watoto hawajambo, na wageni unaowatembeza hapo ngomeni Fort Jesus, Mombasa, wanaendelea kumiminika. Sisi huku wazima, alhamdulillah, baridi imepungua na Mama ameanza kutoka nje bila kunung'unika. Leo nimeamua nikuandikie barua badala ya zile voisi zetu za dakika kumi, manake haya ninayotaka kukwambia ukiyasikia mara moja yatakupita, na wewe ndiye wa kwanza niliyekukumbuka nilipokuwa pale.

Jumamosi tulimpeleka Mama na watoto Dover, kule kusini mashariki kabisa ambapo Uingereza na Ufaransa zinakaribiana. Unapanda treni hapa London, saa moja na kidogo ushafika. Kutoka steshen hadi kwenye ngome ni mlima kwelikweli, tukachukua teksi kwa ajili ya magoti ya Mama. Ukifika juu unaona bahari yote, meli za abiria zinaingia na kutoka bandarini chini yako, na hewa ikiwa safi pwani ya Ufaransa unaiona kwa macho. Simu yangu ilishika mtandao wa Ufaransa ikaniletea ujumbe wa kunikaribisha huko, na saa ikaruka mbele saa nzima! Watoto walifurahi hao, kila dakika wananiomba simu waone tuko nchi gani.

Sasa sikiliza. Ule mnara mkubwa wa katikati ulijengwa na mfalme Henry wa Pili, miaka ya 1180. Kisa chake ni kwamba mwaka 1170 mashujaa wa mfalme huyo waliingia kanisani Canterbury wakamuua askofu mkuu, Thomas Becket, akiwa humo humo kanisani, na baada ya hapo watu wakaanza kwenda kulizuru kaburi lake kutoka kila upande. Hata mfalme wa Ufaransa, Louis wa Saba, alivuka bahari 1179 kuja kuzuru, na njia ilikuwa hii hii ya Dover. Basi wanaeleza pale kwamba Henry alitaka wageni wakubwa kama hao wakishuka tu wakutane na jumba la kuwaonyesha yeye ni nani. Vyumba vya ndani wamevipamba upya vile inavyodhaniwa vilikuwa, mapazia na viti na kitanda, rangi nyekundu, buluu, kijani, zinawaka! Mimi nilizoea kufikiria ngome za wazungu ni mawe ya kijivu na giza tupu. Kila mtu alikuwa anapiga picha kiti cha mfalme.

Mama hakukitazama kile kiti. Wewe unamjua, mtoto wa Mji wa Kale, amekua anaiona Fort Jesus kila siku ya Mungu, na hadithi ya wale Wareno na wenzao waliozingirwa mle na Waomani tangu 1696 mpaka 1698 anaijua tangu utotoni, jinsi njaa na maradhi vilivyowamaliza watu mle ndani kabla hata ya panga. Akasimama katikati ya ukumbi akauliza, "Haya, na hawa maji walikuwa wanayapata wapi?" Mhudumu mmoja, mzee mpole sana, nilipomtafsiria akafurahi mpaka akaacha alichokuwa anafanya, akatupeleka kwenye kisima.

Shoga yangu, kisima kiko orofani! Mdomo wake uko juu ndani ya mnara, halafu kinateremka kupita orofa za chini, kinaingia ardhini, kinashuka zaidi ya mita 100. Zaidi ya mita 100, kimechimbwa kwa mikono, karne ya 12. Na hapo juu kisimani waliweka mabomba ya madini ya risasi yaliyopita ndani ya kuta kupeleka maji sehemu nyingine za mnara, kuta zenyewe kuna mahali zina unene wa mita 6 hivi. Mama akainama kutazama, akasema mashallah, akakaa pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Nikamuuliza yule mzee waliwezaje kuchimba hivyo bila mashine, akasema ardhi yote hii ni chaki. Ile ile jamii ya jiwe jeupe, ndio maana ile miamba ya Dover ni myeupe vile. Inachimbika. Na kuanzia hapo, Mama Salma, kila nilichokiona siku ile nilikiona kwa jicho hilo, manake chaki hiyo hiyo iliyowapa maji ndiyo nusura iwaangamize.

Mwaka 1216 wakubwa wa Uingereza walimchoka mfalme wao John, wakamwita mtoto wa mfalme wa Ufaransa, naye anaitwa Louis, aje achukue nchi. Huyu ni mjukuu wa yule yule Louis aliyekuja kuzuru! London ikampokea, lakini Dover ikakataa. Ndani alikuwepo Hubert de Burgh, aliyeilinda kwa niaba ya John, na watu wake. Louis akapiga kambi upande wa kaskazini, ambako ardhi ya nje inainuka na lango liko wazi kushambuliwa, akarusha mawe kwa mitambo, ukuta ukastahimili, basi akatuma wachimbaji wapite chini. Wakachimba chaki mpaka chini ya mnara mmoja wa lango, mnara ukaporomoka, Wafaransa wakaingia kwa lile pengo. Na unajua waliokuwa ndani walifanya nini? Walipigana mpaka wakawarudisha nje, halafu wakaliziba pengo kwa magogo. Magogo tu! Na ngome haikuanguka. Mwezi wa kumi wakakubaliana kusimamisha vita, John akafa mwezi huo huo, Louis akarudi tena 1217 na bado hakuipata.

Ukienda leo lile lango limezibwa kabisa. Baada ya vita walilifunga moja kwa moja, wakajenga lango jipya kubwa upande wa magharibi mahali ambapo mteremko ni mkali, na hapo kaskazini wakachimba njia zao wenyewe chini ya ardhi ili adui akija tena wamtokee. Tulishuka humo na watoto. Njia inateremka, kuna unyevu, unagusa ukuta vidole vinabaki na unga mweupe. Mtoto wangu mdogo alinishika mkono hakuuachia. Nilipenda hapo kuliko vyumba vyote vya mfalme, nakwambia ukweli, kwa sababu ndipo unapoona watu walioponea chupuchupu wakakaa chini wakafikiri.

Na hawakuacha kuchimba. Enzi za kumwogopa Napoleon walichonga mahandaki mengine upande wa baharini wakalaza humo askari kama 2,000. Mahandaki hayo hayo ndiyo yaliyotumika 1940, Wajerumani walipowabana askari wa Uingereza na Ufaransa kule Dunkirk, pwani ya Ufaransa. Admirali Bertram Ramsay alikaa humo ndani ya chaki akapanga meli na mashua za kwenda kuwachukua, kuanzia tarehe 26 Mei hadi 4 Juni, wakavushwa watu zaidi ya 338,000. Hapo unapitishwa kwa zamu, foleni yake ndefu, picha za zamani wanazirusha ukutani. Mama alitoka na machozi, ana huruma na vijana wa watu.

Kuna pia mnara wa taa wa Warumi, wa karne ya 2, umesimama ubavuni mwa kanisa la zamani, matabaka ya matofali mekundu katikati ya mawe ya gumegume, juu yake hapana kitu siku hizi ila njiwa. Hapo hatukukaa sana, upepo ulikuwa mkali. Ukija, na inshallah utakuja, hapo nitakurudisha tutazame vizuri. Chakula bebeni kutoka nyumbani, cha pale ni ghali.

Nilichotaka kukuomba ni hiki. Fort Jesus wameikata kwenye jiwe la matumbawe, hata handaki lile la nje ni matumbawe, na wewe unawatembeza wageni kila siku. Hebu niandikie mgeni akikuuliza swali la Mama, kwamba waliofungiwa mle walikunywa nini, unamwonyesha wapi na unamwambia nini? Mama ana majibu yake na watoto washaanza kumbishia, wanataka waambiwe na mtu wa kazi hiyo. Mama anarudi mwezi ujao Mungu akipenda, nimempa kitabu cha ngome chenye michoro ya kile kisima na njia za chini, ni chako, usimwachie akiweke kabatini.

Nisalimie Baba Salma na nyumba nzima.

Shoga yako akupendaye,
Mama Yusuf