Barua kwa Mwanangu: Chumba cha Uani

Mitandi, Lindi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo. Jana nililitoa lile sanduku la tarumbeta ulilolisukumia chini ya kitanda mwaka juzi. Vibonyezo viwili vilishuka nilipovibonya, cha tatu kimegoma kabisa, na kile kipande cha kupulizia kimeota kutu ya kijani kwa hewa ya bahari. Nikakisugua kwa pindo la khanga huku nikitazama kivuko kikirudi kutoka Kitunda.

Uliniambia kwamba mpuliza tarumbeta aliyenyamaza miaka miwili amekwisha kazi, nami nimeamua kukujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu wewe hukata kabla sijamaliza. Yule Miles Davis, mpuliza tarumbeta wa jazi wa Marekani uliyebandika picha yake ukutani (bado ipo, ila mchwa wameshaila kona moja), aliacha majukwaa mwaka 1975 akiwa na miaka 49, na kwa maelezo yake mwenyewe alikaa zaidi ya miaka minne bila kuinua tarumbeta. Watu husema ni kokeini, na kweli kokeini na pombe vilimharibu, akajifungia ndani ya nyumba yake huko New York. Lakini mimi niliyevaa sare ya uuguzi nusu ya maisha yangu, macho yangu huenda kwenye nyonga yake. Alikuwa na selimundu, ugonjwa ambao seli za damu hujikunja kama mundu na kukwama katika mishipa myembamba, hata kichwa cha mfupa wa paja kikakosa damu na kuanza kufa huku mwenyewe angali anatembea. Alipasuliwa nyonga mwaka 1965, akavunjika vifundo vya miguu yote miwili katika ajali ya gari mwaka 1972, akapasuliwa nyonga tena Desemba 1975. Wagonjwa wenye maumivu ya namna hiyo nimewageuza kitandani kwa mikono hii, na sikuwahi kumwita hata mmoja wao mvivu.

Aliporudi, midomo ilikuwa imelegea kweli, sikufichi. Hata hivyo, Juni 1981 alipanda jukwaani Boston na nguvu zake hazijarudi sawasawa, akaendelea kupiga miaka mingine kumi, mpaka mwaka aliofariki.

Kisa kinachoninyima usingizi, hata hivyo, ni cha zamani zaidi. Miaka ya hamsini mwanzoni, heroini ilipomshinda, alirudi kwa baba yake, daktari wa meno aliyekuwa na shamba Illinois, akajifungia katika chumba cha wageni yapata wiki nzima, akitapika na kutetemeka, chakula hakipiti. Alipotoka, baba yake alimkumbatia. Hakupona moja kwa moja, maana aliteleza tena alipokuwa Detroit, na mwaka 1954 ndipo aliporudi New York kufanya kazi. Mimi humfikiria zaidi yule mzee, akikaa upande wa pili wa mlango akisikia mwanawe anavyougua.

Sikuulizi unakunywa nini wala unalala wapi, na wale waliokula ujira wako tutawazungumza siku nyingine. Chumba cha uani nimekifagia, nimeweka chandarua kipya, na majirani nimeshawaambia kwamba wakisikia sauti mbaya mbaya asubuhi wavumilie. Mafuta ya kulainishia vile vibonyezo sijayapata dukani huku. Ukija, pitia Kariakoo uyanunue.

Mimi mama yako.