Klachi Iliyofia Mazinde

Moshi,
Jumapili jioni

Swahiba wangu,

Salamu nyingi sana. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo. Huku sote wazima. Mvua za vuli zimeanza kudondoka, na mlima umejifunika tangu juzi.

Kwanza asante. Najua ulivyohangaika Kariakoo na Gerezani kutafuta pleti za klachi za pikipiki ambayo wenye maduka wengine hata jina lake walikuwa wamelisahau, na najua uliacha shughuli zako mchana kutwa kwa ajili yangu. Kifurushi kilifika Mombo salama, kondakta akanikabidhi mkononi. Ila ile karatasi uliyoiweka ndani, uliyoandika, "Pole sana ndugu yangu, najua ulivyoisubiri safari hii, bahati mbaya imekufa," ndiyo iliyonikalisha niandike badala ya kukupigia simu. Pole yako naipokea kwa heshima, lakini haikunikuta msibani. Sikumbuki safari iliyonifurahisha kama hii. Nataka nikueleze vizuri, maana najua nawe umekuwa na uchungu kwamba kazi ilikuzuia tusiende wote.

Mpango tuliuchora pamoja: kuufuata Mto Pangani kutoka huku unakoanzia, kwenye maji ya Kilimanjaro na Meru, hadi unakoingia baharini. Siku ya kwanza ilikwenda kama tulivyoipanga. Nilikata kona kuingia Nyumba ya Mungu, pale Kikuletwa na Ruvu zinapokutana bwawani, nikala perege wa kukaanga kwa mama mmoja mwenye kibanda karibu na wavuvi, nikalala hukohuko. Asubuhi nikarudi barabara kuu. Upepo wa Same unaujua mwenyewe: unakupiga ubavuni mpaka mikono inakufa ganzi, na lori likikupita unashika usukani kwa dua. Makanya, Hedaru, Mkomazi, milima ya Upare mkono wa kushoto, kisha Usambara. Hesabu yangu ilikuwa jioni ile nilale Korogwe, kesho yake Hale nikaone maji yanavyogeuzwa umeme tangu mwaka 1964, na siku inayofuata niwe Pangani mjini, navuka kwa kivuko kwenda Bweni.

Nilipopita Mazinde, klachi ikafa. Haikunishtua ghafla. Nilikuwa naongeza mafuta, injini inapiga kelele, lakini gurudumu halivuti, kisha ikaja harufu ya kuungua. Fundi aliniambia baadaye kwamba pleti zilikuwa zimeisha kwa umri, hata ningeendesha kwa adabu gani zingeishia palepale. Wakati ule sikulijua hilo. Nilikaa kwenye ukingo wa barabara, mkonge umepangwa mistari mbele yangu, jua la saa nane kichwani, nikaanza kuhesabu siku za likizo zilizobaki kabla shule haijafunguliwa. Nilikuwa na hasira, sikufichi. Hasira ya mtu aliyeweka akiba, akaomba ruhusa, akachora ramani, kisha anaona vyote vinamwagika kwenye kokoto.

Kilichonituliza kidogo ni ule mkonge wenyewe. Nilikumbuka habari ninayowafundisha wanafunzi wangu kila mwaka bila kuifikiria sana. Mwaka 1893 Dkt. Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida. Safari ikawa ndefu, ikapitia Hamburg, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, jirani na Pangani kule nilikokuwa naenda, na mashamba ya mkonge ya nchi hii yakaanzia hapo. Nimeisimulia darasani mara nyingi kama tarehe ya mtihani. Pale barabarani, ndipo kwa mara ya kwanza nilipoiona kama habari ya mzigo ulioharibika njiani na watu wakapanda kilichobaki. Hasira haikwisha, lakini ikapungua makali.

Halafu akaja kijana wa bodaboda. Hakuuliza maswali mengi. Alisimama, akasema, "Kaka, panda, shika usukani tu," akaweka mguu wake kwenye kikanyagio changu cha nyuma, akanisukuma kwa pikipiki yake mpaka Mombo. Umewahi kusukumwa hivyo? Injini yako imezimwa, unasikia upepo na matairi tu, na mwenzako yuko begani kwako mnazungumza kama mnatembea kwa miguu. Alinionyesha shamba la baba yake, akanionyesha mahali mvua za masika zilipokata barabara, akaniambia mke wake amejifungua wiki ile mtoto wa kike. Tulipofika nikatoa hela. Akakataa. Nikamwambia basi hii ni ya mtoto, ya kumwona. Hapo akapokea, kwa mikono miwili.

Sasa nikupeleke gereji, maana hapo ndipo moyo wangu ulipobaki. Ni kibanda cha mabati chini ya mwarobaini. Fundi ni mzee wa Kishambaa, mpole, vidole vyake vimeingia oili mpaka kwenye kucha na haviwezi kutoka tena. Alisikiliza injini kidogo tu, akaizima. "Mwanangu, hii spea Mombo huipati, Korogwe huipati, na Tanga nina wasiwasi. Una mtu Dar?"

Nikasema, "Ninaye." Swahiba, sijui kama niliwahi kulitamka neno dogo kwa fahari namna ile.

Ndivyo nilivyoanza kukaa Mombo. Mahali nilipopita kwa basi miaka yote hii, dakika za kununua plamu na pichesi dirishani kwa wale kina mama wenye vikapu, kumbe sikuwahi kupaona. Asubuhi nilikuwa naenda gereji kana kwamba nimeajiriwa. Nilijifunza kuosha kabureta, kukwangua gasketi kuukuu kwa wembe bila kuchubua chuma, kuziba pancha ya tyubu ya baiskeli ya mtoto wa shule ambaye alikuwa analia kwa kuchelewa. Mchana tunakula makande kwa mama wa jirani, na siku moja bada kwa dagaa. Jioni wazee wanaleta ubao wa drafti na vizibo vya soda, na mimi niliyekuwa najiona mchezaji nilifungwa na babu mmoja asiyezungumza kabisa, anayetabasamu tu kila anapopata kingi. Babu huyo ndiye niliyemsikia siku moja akifungua kinywa, akaelekeza kidole kwenye reli, akasema baba yake alifanya kazi humo. Nilimsimulia ninayoyajua: kwamba ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, kampuni ikaishiwa fedha kabla haijafika Korogwe, serikali ya Wajerumani ikaichukua, ikafika Mombo 1905 na huku kwetu Moshi 1911. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Na watu walioibeba?" Sikuwa na jibu kwenye kitabu chochote. Akaanza kunisimulia aliyoyasikia kwa baba yake, na drafti ikasahauliwa mpaka giza likaingia.

Nimekuwa nikijiuliza furaha ile ilitoka wapi, kwa sababu haikuwa ya kujifariji. Nadhani ni hivi. Mtu mwenye pikipiki nzima ni mpita njia. Watu wanamwona kama vumbi na mlio, naye anawaona kama vibanda na mikono inayopunga. Pikipiki ikifa, unakuwa mgeni, na mgeni kwetu ana haki zake. Anaulizwa kala nini, kalala wapi, kwao ni wapi, wazazi wake wazima? Anapewa kigoda. Anapewa na kazi pia, maana mgeni akishazoea hupewa jembe. Mimi nilipewa spana. Kwa miaka mingi nimesafiri nikitafuta mandhari, na mandhari nimeyaona, Mungu ashukuriwe. Lakini kuitwa kwa jina na watoto wa mahali nisipo na ndugu hata mmoja, hilo sikuwahi kulipata kwa kufika mapema.

Kuna siku fundi alifunga gereji akaniambia twende kwake. Anaishi juu, upande wa Soni. Tulipanda gari dogo la abiria, tumebanana, na ile barabara ikaanza kujikunja mwambani, joto la Mombo linabaki chini na baridi inaingia dirishani. Kwenye maporomoko ya Soni tulishuka. Nilisimama nayatazama maji yanavyoanguka, na nikamwambia mzee kwa masikitiko kwamba mimi nilitoka Moshi kuufuata Mto Pangani na sasa nimeupoteza.

Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi mzuri aliyekosa swali jepesi. "Haya unayoyaona yanakwenda wapi?" Akanipangia kwa kidole: yanashuka Mombo, wenye mashamba ya mpunga wanayachukua yao, yanayobaki yanaingia Mto Mkomazi, na Mkomazi unakwenda kuingia Pangani kwa kule Korogwe. Nilikuwa bado nimo ndani ya mto wangu, swahiba! Nilikuwa nimeingia kwa mlango ambao ramani yetu haikuuchora, kwa sababu sisi tulichora mstari mmoja wa buluu na tukasahau kwamba mto ni milima yote inayoulisha. Nilicheka kwa sauti pale barabarani. Mzee naye akacheka, ingawa sina hakika kama alijua nacheka nini.

Nyumbani kwake nilipokewa na mama, nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akataka nijaribu na Kishambaa. Watoto wakanifundisha. Nikala mboga za bustanini ambazo ladha yake siwezi kukueleza, na mkungu wa ndizi ukawekwa pembeni wa kubeba. Kesho yake kijana wake mkubwa akanipeleka Lushoto na kutoka hapo tukatembea hadi Irente, kwenye ule ukingo wa mwamba. Chini kabisa niliuona mkonge wa Mazinde, na barabara kuu, na malori madogo kama punje. Kijana akaniuliza, "Mwalimu, ulikwama wapi?" Nikaonyesha. Tulikaa pale muda mrefu. Nilikuwa nawatazama watu wanaokwenda kwa kasi niliyokuwa nayo mimi siku ile, na niliwaombea wafike salama, bila kumwonea wivu hata mmoja wao.

Kifurushi chako kilipofika, gereji nzima ilisimama. Naomba umwambie shemeji kwamba visheti alivyovifunga pembeni ya pleti vilikwisha kabla ya kamba kufunguliwa vizuri, na babu wa drafti alichukua fungu lake bila aibu. Mimi nilitaka tufunge pleti papo hapo niondoke. Mzee akakataa. Pleti mpya hazifungwi kavu, akasema, zinalazwa kwanza kwenye oili zinywe. Basi tukazilaza kwenye sufuria usiku kucha, na asubuhi akanipa mimi nizipange, moja ya chuma, moja ya msuguano, mpaka mwisho, yeye kakaa kwenye kigoda anaangalia tu. Nilipopiga kiki na kuingiza gia na gurudumu likavuta, vijana walipiga kelele kana kwamba timu imefunga goli.

Likizo ilikuwa imekwisha. Nilipaswa kugeuza kurudi Moshi, nikageuza. Hale sikuiona, kivuko sikuvuka, bahari sikuigusa. Nilipopita Mazinde nilipunguza mwendo nikapiga honi, sijui nampigia nani.

Kwa hiyo swahiba, usiihesabu safari ile kuwa imekufa, na uchungu wa kutokuja uuache. Una nafasi yako, na imekuwa nzuri zaidi kuliko ile tuliyoichora. Mwezi Juni, masika yakishapita, wewe panda basi la Moshi ushuke Mombo. Mimi nitakuja kwa pikipiki, tukutane gereji. Tukae kwanza, usiniulize siku ngapi, mzee amekwisha sema utalala chumba kile nilicholala mimi. Kisha tushuke wote Korogwe, Segera, Hale, Muheza, mpaka Pangani, na tukikwama Muheza tutakwama na sababu.

Omba ruhusa kazini mapema, na uombe ndefu kuliko unayodhani inatosha.

Jambo moja la mwisho, ukipita tena Gerezani. Mzee anahitaji kipimo cha valvu, vile visahani vyembamba vya chuma vilivyofungwa pamoja, chake kimeliwa na kutu hata namba hazisomeki. Hakuniagiza, nimeona mwenyewe anavyohangaika kukisoma juani. Kinunue kizuri, kinachoanzia milimita 0.05, nitakurudishia hela kwa simu. Usimtumie kwa basi. Uje nacho umpe mwenyewe, anataka kumwona mtu wangu wa Dar.

Nisalimie shemeji na watoto wote.

Ni mimi rafiki yako,
Mwalimu